Ufundi wa Kunyamaza: Filamu za Kutisha na Wasimulizi wa Kigali

John Carpenter alipomaliza kuhariri Halloween mwaka 1978, alimwonyesha ofisa mmoja kijana wa kampuni kubwa ya filamu kabla hajaitia muziki. Ofisa yule hakuogopa hata kidogo. Muuaji alikuwapo, kisu kilikuwapo, wasichana walikuwa wakikimbia ovyo gizani, na bado hakushtuka. Carpenter aliamua kuiokoa filamu yake kwa muziki. Fedha za kukodi wapiga vinanda wengi hakuwa nazo, maana bajeti nzima ilikuwa dola 300,000 na ushei, basi akatunga mwenyewe ule mdundo wa mapigo matano unaojirudia bila kuchoka. Picha zikabaki zilezile. Watu wakaanza kutoka jasho.

Kisa hicho hunijia kila nikikaa kutazama filamu ya kutisha hapa Kigali, kwa sababu hapa kuna fundi mwingine wa sauti ambaye Carpenter hakumjua. Hayumo katika picha, jina lake halimo miongoni mwa majina yanayopanda mwishoni, na filamu humfikia ikiwa imeshakamilika. Ni msimulizi. Filamu iliyopita mikononi mwake huitwa agasobanuye, na hakuna mtu wa mji huu asiyeijua, awe wa Nyamirambo, Kimisagara au Remera. Yeye hutafsiri, huigiza sauti zote, hueleza, huonya, huchekesha. Kazi hii ina ndugu zake pande zote za Afrika Mashariki. Kampala wapo akina VJ Jingo, Nairobi yupo DJ Afro, na Dar es Salaam alikuwapo Derek Gaspar Mukandala, ambaye mashabiki walimjua kwa jina la Lufufu. Kwetu Rwanda jina linalotangulia ni la Nkusi Thomas, yaani Yanga, aliyefariki Agosti 2022 akiwa Afrika Kusini. Waliokuja nyuma yake, kama Junior Giti na Rocky Kimomo, waliikuta njia imeshafyekwa.

Wengi husifu wasimulizi hawa kwa filamu za mapigano na za Kihindi. Mimi nadhani kipimo chao halisi ni filamu ya kutisha, tena ile iliyotengenezwa kwa fedha za kuokoteza.

Sababu iko katika namna kazi yenyewe inavyofanywa. Msimulizi hukaa mbele ya kompyuta akiwa na maikrofoni na mashine ndogo ya kuchanganya sauti. Sauti yake na sauti ya filamu hugombea nafasi moja. Akitaka kusema, lazima aishushe ya filamu, akinyamaza, huipandisha. Katika filamu ya mapigano hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa ngumi huonekana kwa macho, na hata ukiifunika kwa maneno bado imempata mtu. Lakini filamu ya kutisha isiyo na fedha haina zimwi la kuvutia kulionyesha. Mara nyingi zimwi lenyewe ni mtu aliyepakwa unga usoni. Mali yake yote ni mlango unaolia, hatua za mtu darini, pumzi nyuma ya pazia. Msimulizi akizungumza juu ya mlango ule, ameifuta filamu.

Kwa hiyo msimulizi hodari hufanya jambo ambalo ukilisikiliza mara moja tu halionekani. Humaliza maelezo yake mapema. Nani ni mtoto wa nani, nyumba hii ilikuwa ya nani, kwa nini bibi alikataza chumba cha nyuma kisifunguliwe: hayo yote huyasema wakati steringi, yaani mhusika mkuu, bado anashusha mizigo garini na jua bado linawaka. Steringi akishagusa kitasa cha mlango, msimulizi keshanyamaza. Sauti ya filamu inapanda polepole, huwezi kujua imepanda lini, na wewe unabaki peke yako na ule ukumbi wa giza. Hapo ndipo mtu wa benchi la nyuma hushindwa kujizuia akapiga kelele, "Usifungue, dada!"

Jambo la pili ni ukali wa sauti. Msimulizi wa mapigano hupaza sauti kadiri mambo yanavyopamba moto. Wa kutisha huishusha. Huanza kuzungumza kwa ukaribu, kama mtu anayekunong'oneza msibani, na maneno yanapungua hadi yanabaki mawili matatu. Halafu, na hili ndilo ninalolistahi kuliko yote, halitaji zimwi kabla filamu haijalitaja. Yeye ameshaitazama hadi mwisho, anajua nani mfu na nani mzima, na bado anasimulia kama mtu aliyeingia ukumbini pamoja nasi. Kuzuia unachokijua mbele ya watu wanaokusihi ukiseme ni kazi ngumu.

Wapo wanaozungumza mfululizo kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, wakiogopa kwamba wakinyamaza watu watadhani hawana la kusema. Katika filamu nyingine nawavumilia. Katika hizi wananikosesha raha.

Tazama The Evil Dead ya Sam Raimi, ya mwaka 1981, iliyotengenezwa kwa chini ya dola 400,000 katika kibanda cha msituni huko Tennessee. Kitu kinachowawinda vijana wale hakionekani. Raimi hakuwa na fedha za vifaa vya kuteleza na kamera, basi kamera ikafungwa katikati ya ubao, watu wawili wakashika huku na huku wakakimbia nao msituni. Mtazamaji huona kwa macho ya kitu chenyewe kikija mbio juu ya majani, na kusikia mngurumo wake. Hapa msimulizi ana uamuzi wa kufanya: akipe kitu kile maneno au akiache kingurume? Nimesikia njia zote mbili. Kukipa maneno huleta kicheko kizuri, na kicheko kina mahali pake. Lakini yule aliyekiacha kingurume, akasema tu jina la msichana aliyekuwa ndani ya kibanda, jina tu na si neno jingine, alinifanya niinue miguu yangu kutoka sakafuni.

The Blair Witch Project ya 1999 ni mtihani mkubwa zaidi. Waigizaji watatu walibeba kamera wenyewe katika misitu ya Maryland, upigaji picha ukachukua siku nane hivi, na mchawi haonekani hata mara moja. Filamu nzima ni giza, pumzi na vijana wanaogombana. Anayeweza kuisimulia hiyo bila kuiharibu namvulia kofia.

Tena msimulizi si mgeni katika filamu za aina hii. Yumo ndani yake tangu zamani. George Romero na wenzake wa Pittsburgh, waliokuwa wakiishi kwa kutengeneza matangazo ya biashara, walitoa Night of the Living Dead mwaka 1968 kwa dola 114,000 hivi. Damu ilikuwa sosi ya chokoleti, ambayo katika picha za rangi nyeusi na nyeupe haitofautiani na damu. Nyama waliyoitafuna wafu ilitoka kwa mwenye bucha aliyekuwa miongoni mwa waliochangia mtaji. Hadithi ilitaka nchi nzima ivamiwe na wafu, na fedha zilitosha nyumba moja ya shamba. Romero alifanyaje? Aliweka redio na televisheni ndani ya nyumba. Watu wamejifungia, wamepigilia mbao madirishani, na mtangazaji anawaambia yanayotokea kote nchini. Balaa la nchi nzima limo katika sauti ya mtu anayesoma habari. Msimulizi wa Kigali anapofika hapo huwa amefika nyumbani: anabadili sauti, anakuwa mtangazaji, anasoma taarifa kwa utulivu ule wa redio, na ukumbi mzima unatega sikio.

Rwanda, watu wa umri fulani hawahitaji kuelezwa nguvu ya sauti ya redio. Nalisema hili kwa uangalifu. Kuna swali ambalo mgeni huuliza, nami naliona ni la haki: mji uliopitia mauaji ya kimbari ya 1994 unataka nini katika filamu za kutisha? Sina jibu la watu wote. Najua kwamba katika wiki ya maombolezo, kuanzia tarehe 7 Aprili, burudani husimama na hakuna anayezitafuta filamu hizi. Najua pia kwamba filamu ya Kinyarwanda iliyolikaribia swali hilo kwa ujasiri mkubwa kuliko zote nilizoziona ilitengenezwa kwa shida ya fedha, na shida hiyo ikawa sehemu ya hadithi yake. Ni Matière Grise ya Kivu Ruhorahoza, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Tribeca, New York, mwaka 2011. Ndani yake mwongozaji kijana wa Kigali anahangaika kutafuta fedha za filamu yake, na filamu hiyo ambayo bado haijatengenezwa inaanza kujitokeza mbele yetu: mtu aliyefungiwa chumbani, mwenzake pekee ni mende, kisha kaka na dada wanaojaribu kuishi baada ya familia yao kuuawa, kaka akiwa hawezi kuivua kofia ya pikipiki kichwani. Hakuna zimwi humo. Kuna ukimya, na mwongozaji aliyejua aukatie wapi. Kwangu mimi ni ufundi uleule, umepelekwa mahali pazito.

Majirani zetu waliufikia kwa njia nyingine. Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitoa Nsyuka, kisha Shumileta, hadithi ya jini wa kike na mapenzi yake kwa binadamu, wakati filamu za Bongo ndiyo kwanza zinaanza kuuzwa kwa kanda. Alikuwa ameona filamu za Nigeria zinavyofanya, akachukua kamera ya video na mizimu ya nyumbani. Lufufu naye alikuwa akizisimulia hizo za Nigeria kwa Kiswahili, ikiwamo Karishika ya miaka ya 1990, ambamo pepo la kike linatumwa duniani kuziwinda roho za watu. Mwanamume mmoja, sauti moja, akiwa pepo, mke aliyesalitiwa, mchungaji na shetani mwenyewe ndani ya dakika moja. Waliokulia katika vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video za Dar es Salaam, wanajua ninachokisema.

Na Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana aliyewahi kufyatua matofali alitengeneza Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa fedha ambazo yeye mwenyewe hutaja kuwa chini ya dola 200. Ni ya bunduki, si ya mizimu, lakini wapenzi wa filamu za kutisha duniani waliikumbatia kana kwamba ni yao, na ninawaelewa. Ndani yake wameikuta mikono ya watu. Na juu ya picha zote kuna sauti ya VJ Emmie, anayewasifu wapiganaji, anayeuliza maswali, anayecheka. Nakala ya asili haipo tena. Nabwana aliifuta ili apate nafasi ya filamu nyingine katika kompyuta yake. Kilichobaki ni nakala iliyokwisha kutoka kwenda kwa watu.

Filamu ya Romero ilinusurika kwa namna inayofanana. Kampuni iliyoisambaza iliibadili jina dakika za mwisho ikasahau kuirudisha alama ya hakimiliki, hivyo huko Marekani filamu hiyo ikawa mali ya umma tangu siku ya kwanza. Romero na wenzake walipoteza fedha nyingi. Filamu ikanakiliwa kila mahali, ikaonyeshwa usiku katika televisheni ndogondogo, ikawafikia watu ambao wasingeweza kuinunua.

Za wasimulizi wetu hazina bahati hiyo. Zilitoka katika kanda za VHS, zikahamia CD na DVD, sasa zinapita katika flashi na simu, na kila zinapohama nyingine huachwa nyuma. Filamu ya Hollywood utaipata popote. Ile sauti ya Kinyarwanda iliyojua kunyamaza mlangoni, au ile ya Kiswahili ya Lufufu, ikipotea haina ghala la kuitafuta. Ningependa kuona Kwetu Film Institute, shule ya filamu aliyoianzisha Eric Kabera hapahapa Kigali, ikizikusanya na kuwaketisha wanafunzi wa sauti wazisikilize. Lakini shule haiwezi kukusanya kilichotupwa. Ukiwa na kanda ya Lufufu au diski ya Yanga ndani ya sanduku, tafadhali usiitupe kwa kuwa huna tena mashine ya kuichezesha. Andika juu ya kasha jina la filamu, jina la msimulizi na mwaka kama unaukumbuka, kisha mtafute mwenye mashine akutolee nakala.