Fundi wa Kushindwa

Mwanamieleka anayehama kampuni huaga kwa kushindwa. Ndiyo desturi ya kazi hiyo tangu enzi za wazee wake: ukishajua unaondoka, usiku wako wa mwisho unalala chali, mabega yote mawili yanagusa turubai, refa anapiga tatu, na heshima uliyoijenga kwa miaka unamwachia anayebaki. Yeye atakula matunda yake. Wewe utakuwa umeshafika mji mwingine, unaanza upya mbele ya watu wasiokujua.

Naishi Haltom City, mji wa watu wapatao 46,000 uliobanwa ubavuni mwa Fort Worth, mji wa gereji, karakana na mikahawa ya Kilao na Kivietinamu. Mieleka niliipenda kabla sijafika huku, na popote nilipoipenda nimeulizwa swali moja: unaangaliaje mchezo ambao mshindi wake amepangwa? Kwangu mimi, utamu unaanzia hapo hapo. Mshindi akishapangwa, macho yanapata nafasi ya kumtazama anayeshindwa. Kwenye mpira, aliyefungwa amezidiwa, basi. Kwenye mieleka, aliyeshindwa ndiye aliyeamua mshindi aonekane mkubwa kiasi gani. Bila ufundi wake hakuna stelingi, hakuna bingwa, na wala hakuna atakayenunua fulana ya bingwa huyo.

Tuanze na kuanguka kwenyewe, maana wengi hudhani ulingo ni godoro. Chini ya turubai kuna sponji nyembamba, chini ya sponji kuna mbao, na chini ya mbao kuna vyuma. Mwanafunzi wa mieleka hutumia siku zake za mwanzo akifundishwa kuanguka chali, anarudia hadi mgongo unakuwa mwekundu. Kidevu anakibana kifuani ili kisogo kisiguse chini. Mikono anaitandaza, na viganja vinapiga turubai sambamba na mgongo wa juu, uzito utawanyike, usitue pamoja. Pumzi anaitoa wakati wa kutua. Akiibana, itamtoka yenyewe kwa nguvu na atabaki anahema. Ule mlio unaosikika hadi viti vya nyuma ni wa mbao na viganja, lakini mgongo ni wa mtu. Halafu kuna jambo ambalo mtazamaji halioni kirahisi: anayenyanyuliwa husaidia kunyanyuliwa. Anaruka kidogo, anajikaza kiuno, anaiweka shingo yake mikononi mwa mwenzake. Ukiona mtu wa kilo 110 anapaa, ujue wamefanya kazi wawili.

Kule Mukono, Uganda, ambako Daniel Bumba alianzisha Soft Ground Wrestling, vijana wanajifunza mambo hayo hayo juu ya tope lililozungushiwa fito, kwa kuwa ulingo wa kweli ni ghali. Nilipoziona video zao sikuwatazama waliokuwa wakirusha. Nilitazama videvu vya waliokuwa wakirushwa. Vilikuwa vimebanwa kifuani sawasawa, nikajua hawa ni watu wa kazi.

Huku Texas ya kaskazini ufundi huu una historia nzito. Miaka ya 1980 mieleka ilikuwa na siku zake: Jumatatu katika ukumbi wa Will Rogers, Fort Worth, na Ijumaa katika jengo la Sportatorium, Dallas. Kampuni iliitwa World Class na mwenyewe alikuwa Jack Adkisson, aliyejulikana ulingoni kama Fritz Von Erich. Mastelingi walikuwa wanawe. Februari 1984 mmoja wao, David, alifariki Tokyo alikokwenda kikazi, akiwa na miaka 25. Tarehe 6 Mei mwaka huo, katika uwanja wa Texas Stadium mjini Irving, mdogo wake Kerry alipanda ulingoni mbele ya watu zaidi ya 30,000 kumkabili Ric Flair, bingwa wa dunia wa NWA, muungano wa kampuni za mieleka.

Watu humkumbuka Kerry, na ni haki yao. Mimi namkumbuka Flair. Kazi ya bingwa wa NWA wakati ule ilikuwa kuzunguka, leo huku kesho kule, na kila anapofika akutane na shujaa wa pale na kuwafanya watu waondoke wakiamini kijana wao angeweza kumshinda. Flair alilifanya hilo kuliko yeyote. Alipiga magoti akiomba asamehewe, alirushwa juu ya kona ya ulingo akaangukia nje, alipiga hatua mbili tatu kana kwamba amepona kisha akadondoka kifudifudi. Siku ile alijua yuko mbele ya watu waliofiwa. Aliwapa jeuri ya kutosha wamchukie, akawapa hofu ya kutosha waombe, kisha Kerry akamfunga mikono mgongo kwa mgongo, akamlaza, refa akahesabu tatu. Siku 18 baadaye, huko Yokosuka, Japani, Flair aliuchukua tena mkanda wake. Lakini Mtexas aliyeshuhudia siku ile hatakusimulia habari za Yokosuka.

Mfano mwingine umetoka Sportatorium hiyo hiyo. Steve Austin alikulia Edna, kusini mwa jimbo, akasoma chuo Denton, na mwaka 1989 akajifunza mieleka kwa Chris Adams pale Dallas. Mwaka 1995 kampuni ya WCW ilimtema akiwa anauguza jeraha. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Juni, alishinda mashindano ya King of the Ring ya kampuni ya WWF, WWE ya leo, mjini Milwaukee, akaigeuza namba ya aya ya Injili ya Yohana kuwa tangazo lake mwenyewe: Austin 3:16. Mashabiki wakaja na mabango, kampuni ikachapa fulana nyeusi yenye maandishi meupe, na fulana ile ikawa miongoni mwa zilizouzwa sana katika historia ya mchezo huu. Mara chache hutajwa aliyelala siku ile. Alikuwa Jake Roberts, Mtexas mwenzake, ambaye miezi ile alikuwa akisimama ulingoni kutoa ushuhuda wa wokovu wake. Bila mahubiri ya Roberts, tangazo la Austin lisingekuwa na maana yoyote. Fulana ile ina jina la mmoja, ila imeshonwa na wawili.

Miezi tisa baadaye zamu ikawa ya Austin. Katika WrestleMania 13, karibu na Chicago, Bret Hart alimbana miguu huku damu ikimtiririka usoni, na Austin akazimia bila kukubali. Aliandikiwa kushindwa. Watu waliokuja kumshangilia Bret waliondoka wakimshangilia aliyepoteza. Novemba ya mwaka huo huo Bret, akiwa njiani kuhamia WCW, alikataa kulala mjini Montréal mbele ya Wakanada wenzake, na kampuni ikagonga kengele bila ridhaa yake. Mashabiki bado wanabishana juu ya usiku ule. Msimamo wangu ni kwamba Bret alistahili kuulizwa: kushindwa kwa kuaga ni kitu ambacho mtu anakitoa mwenyewe, na ukimpora umeharibu kila kitu kilichokifanya kiwe cha thamani.

Aprili 2, 2022, uwanja wa AT&T mjini Arlington, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapa, ulionyesha mambo mawili kwa usiku mmoja. La kwanza ni kurejea kwa Cody Rhodes, aliyeondoka WWE mwaka 2016 na baadaye akawa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya AEW. Seth Rollins ndiye aliyempokea, na akashindwa. Mwezi Mei akashindwa tena. Juni tena. Mara tatu mfululizo mwenyeji alimlalia mgeni, na Cody akaketi katika kikosi kipya kana kwamba hakuwahi kutoka. La pili ni Kevin Owens. Mtu huyu kutoka Quebec alitumia wiki kadhaa kulitukana jimbo la Texas ili tu Austin, mwenye miaka 57 na shingo iliyowahi kuumia vibaya, aje kumkomesha. Ilikuwa mechi ya kwanza ya Austin baada ya miaka 19. Owens alimlinda, alimpeleka taratibu pale alipohitaji pumzi, akapaa kila alipotakiwa kupaa, na mwisho akadondoka kwa namna iliyomfanya mzee yule aonekane kijana wa 1998. Uwanja mzima uliimba jina la Austin. Inavyopasa.

Si kila kushindwa kuna tija, na shabiki anayeipenda kazi hii lazima aseme. Mwaka 2003 Booker T wa Houston, mtu aliyetoka gerezani akajifunza mieleka mjini kwao na kupitia Sportatorium, aliambiwa na bingwa Triple H kwamba watu kama yeye hawawi mabingwa wa dunia. Hadithi nzima ilidai Booker ashinde. Akalazwa. Mwaka 2019 Daniel Bryan alianguka kwa ufundi mkubwa mbele ya Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, Mwafrika wa kwanza kuushika mkanda wa WWE. Miezi sita baadaye Kofi huyo alimalizwa na Brock Lesnar kwa sekunde chache, basi. Huko ni kufuja. Anguko linatakiwa limjenge mtu, na Lesnar hakuhitaji kujengwa.

Sasa tuje kwenye fulana. Kwenye shoo ndogo za Dallas na Fort Worth, kwenye kumbi za kukodi na majumba ya mazoezi, kila mwanamieleka ana meza yake. Fulana zimekunjwa kwa saizi, picha zimepangwa, kuna stika, kalamu ya wino mzito, na karatasi yenye msimbo wa kulipia kwa simu. Malipo ya promota mara nyingi ni madogo. Fulana ndiyo mafuta ya gari la kurudia nyumbani. Inapendeza kumtazama anayeigiza adui akiuza. Akiwa mwema mno ataharibu kazi aliyotoka kuifanya ulingoni, akikaa kimya hatauza. Fundi hasa ananuna, anakwapua noti kana kwamba unamdai, anasaini picha bila kukutazama, halafu mtoto akijificha nyuma ya mama yake anamkonyezea jicho haraka, mama tu ndiye anayeona. Begani ana mfuko wa barafu.

Vikosi vinapopanguliwa, meza hiyo ndiyo kinga ya mtu. WWE ilitema kundi kubwa tarehe 15 Aprili 2020, ikatema jingine tarehe hiyo hiyo mwaka uliofuata. Wa kikosi kikuu kwa kawaida hawaruhusiwi kufanya kazi kwingine kwa siku 90, na jina la ulingoni mara nyingi hubaki kuwa mali ya kampuni. Cody alitumia miaka kadhaa akiitwa Cody tu, kwa kuwa jina la Rhodes, lililojengwa na baba yake Dusty, Mtexas, halikuwa lake kisheria. Hapa kwetu mchezo huo ulianza zamani: mwaka 1985 World Class ilimpa kijana mmoja jina la Lance Von Erich, eti binamu, na alipoondoka 1987 Fritz alitangaza kwenye televisheni kwamba hakuwa ndugu yao. Na Mickie James, bingwa mara nyingi, alipotemwa na WWE 2021 alirudishiwa vitu vyake ndani ya mfuko wa taka. Wakubwa wa kampuni waliomba radhi hadharani, na ilibidi waombe.

Mchezaji wa Simba akihamia Yanga, jezi yenye jina lake inageuka aibu siku hiyo hiyo. Fulana ya mieleka haina hatima hiyo. Anayeondoka hapunguzwi na kuondoka kwake, hasa akiondoka kwa kumwinua mwenzake. Ndiyo maana fulana za watu waliostaafu au kutemwa zamani huingia kwenye marobota ya mitumba, zikauzwa kwenye masoko ya Gikomba na Karume, zikavaliwa na mafundi na makuli, na hakuna anayeuliza kama mwenye jina bado ana mkataba.

Basi ukipata nafasi ya kuhudhuria shoo ndogo ya mieleka, iwe hapa Texas, iwe Mukono, iwe popote ulipo, usikimbilie meza ya bingwa. Foleni yake ni ndefu na hakosi wateja. Nenda kwa aliyeshindwa, mshike mkono taratibu kwa sababu ya lile bega, mwambie umeona alichokifanya, kisha nunua fulana yake.