FASIHI: Msuko mdogo si pambo la hadithi

Msuko mdogo, au ploti ndogo kama waitavyo wengine, ni mkondo wa matukio unaokwenda sambamba na kisa kikuu katika riwaya au tamthilia. Huwa na wahusika wake na mgogoro wake.

Wanafunzi wengi huuchukulia kama mahali pa msomaji kupumulia tu. La hasha! Kipimo chake ni rahisi: ukiuondoa, je, kisa kikuu kitabaki na maana ile ile?

Katika King Lear ya Shakespeare, mfalme anamfukuza binti ampendaye na kuwakumbatia wanaomhadaa. Kando yake, Gloucester anamwamini mwana mnafiki na kumsaka yule mwaminifu, mpaka anang'olewa macho. Upofu wa akili wa Lear tunauona katika mwili wa Gloucester.

Hapa kwetu, hebu tutazame Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Shina la riwaya hii ni Ridhaa, ambaye nyumba na jamaa zake ziliteketezwa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Matawi ni mengi. Naomi, mamake Umu, anaihama familia mumewe anapofilisika, na msomaji anamlaani. Kisha Mwanaheri anawasimulia wenzake shuleni kuhusu mamake, Subira, aliyeondoka kwa kubaguliwa na mama mkwe kwa sababu ya kabila lake. Tendo ni lile lile, chanzo ni tofauti, na hukumu yetu inatikisika. Isitoshe, ukabila uliochoma nyumba ya Ridhaa ndio uliomtoa Subira jikoni kwake. Bila kisa hiki, tungedhani chuki huzuka msimu wa kura tu.

Hata hivyo, wasichana hawa wanasimulia kwa zamu, na baadhi ya visa vyao vinakaa pamoja bila kusukumana. Hapo riwaya inalegea. Msuko mdogo imara hugusa ule mkuu na kuugeuza, kama wa Umu unavyofanya anapopata malezi kwa Mwangeka, mwanawe Ridhaa. Tawi limerudi shinani.

Basi, mwanafunzi, usiishie kuorodhesha visa. Uliza kila kimoja kinaongeza nini, au kinapinga nini, katika kisa kikuu. Hapo ndipo uhakiki huanza.