Kihisi Kimoja, Majibu Mawili: Joto la Prosesa Linavyohesabiwa

Programu mbili zikifunguliwa kwenye kompyuta moja, moja ikaonyesha prosesa ina nyuzi 45 na nyingine 65, wengi huamua kwamba mojawapo ni mbovu. Mara nyingi zote zimesoma kihisi kilekile. Zimeachana kwenye hesabu inayofuata. Chukua Ryzen 7 1700X na 1800X za mwaka 2017. AMD iliziongezea nyuzi 20 kwenye kipimo kiitwacho Tctl, ili feni za familia nzima ya Ryzen ziendeshwe kwa kanuni moja. Programu iliyosoma Tctl bila kutoa 20 iliandika 65. Iliyotoa iliandika 45, na hilo ndilo lililokuwa joto la silikoni yenyewe. Ryzen 7 1700 haikuwa na nyongeza hiyo, hivyo kuishindanisha na 1800X kwa namba ghafi kulikuwa kuionea 1800X bure.

Kwa Intel, kihisi cha Core 2 hakitaji nyuzi; hutaja umbali uliobaki kufikia kikomo cha joto, TjMax. Kikisoma 40, programu inayochukua kikomo kuwa 100 huandika 60, na inayochukua 85 huandika 45. Prosesa hizo za kompyuta za mezani hazikukitaja wazi kikomo chao, kwa hiyo watunzi wa programu walilazimika kukikadiria. Tangu Core i7 za mwaka 2008, prosesa yenyewe hutaja kikomo chake, na sababu hiyo ya mabishano ikaondoka.

Kuna watakaosema tofauti hutokana na muda wa kusoma, au programu moja kuonyesha kiini chenye joto kuliko vyote na nyingine wastani. Ni kweli hutokea, lakini tofauti ya aina hiyo hupanda na kushuka kadiri kazi inavyobadilika. Pengo likibaki nyuzi 20 kompyuta ikiwa imetulia na ikiwa imeelemewa, hapo kuna namba iliyosahaulika kwenye hesabu. Wengine watapendekeza kipimajoto cha nje. Hicho hupima mfuniko wa metali, ambao una joto pungufu kuliko silikoni inayofanya kazi chini yake. Kwa hiyo, kabla ya kununua kipoza kipya, tazama nafasi iliyobaki kufikia kikomo wakati prosesa inafanya kazi nzito. Karibu na kikomo ndipo vihisi vya Intel vilipolengwa kuwa sahihi zaidi, na nafasi hiyo ndiyo prosesa huifuata inapoamua kupunguza kasi.