Neno 'Jinsia' katika Sheria ya Kazi ya Kongo

Kifungu cha 62 cha Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 hakikubali jinsia kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Je, neno hilo linamkinga pia aliyebadili jinsia akiwa kazini? Sheria imenyamaza, na ukimya huo humfaa mwajiri. Msomaji wa Kalemie huikuta sheria hiyo kwa Kifaransa, lugha ibaguayo kike na kiume hata katika vivumishi, ilhali 'mfanyakazi' na 'yeye' za Kiswahili hazimwulizi mtu jinsia. Hata hivyo, upole huo wa sarufi haulindi ajira. Nchini Kenya, ambako Kiswahili ni lugha rasmi, Audrey Mbugua alilalamika kwamba cheti chenye jina la kiume kilimkwamisha katika kutafuta kazi. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina jipya, kisicho na alama ya jinsia. Hukumu ilisahihisha cheti; mwajiri haikumgusa. Kongo nayo, kwa Sheria ya Familia ya 1987, huruhusu mahakama kubadili jina kwa sababu ya msingi: jina tu.