Sindano za Rutongo

Rutongo, kaskazini mwa Kigali, inafahamika zaidi kwa migodi yake ya bati. Mimi naiheshimu kwa uzi. Hapo ndipo ilipo karakana ya Savane Rutongo-Kabuye, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Christiane Rwagatare, Mnyarwanda aliyerejea kutoka uhamishoni. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu mauaji ya kimbari, na wanawake wa Kihutu na wa Kitutsi waliketi pamoja kudarizi.

Wanachodarizi ni picha: vilima, migomba, ng'ombe, watu wa soko. Kwa mbali utadhani ni rangi ya mafuta. Sogea. Mshono wa mteremko unaufuata mteremko, wa jani unaufuata mshipa wa jani. Uzi ule ule wa kijani, ukigeuzwa upande, hupokea mwanga kwa namna nyingine, na kilima kimoja kikawa na jua na kivuli bila kubadili rangi. Hapo ndipo nimjuapo msanii: katika kuamua uzi ulale wapi.

Wengi huutafuta uanamke wa kazi hii kwenye maua. Mimi nauona kwenye migongo: mgongo wa anayelima, mgongo uliobeba mtoto, umeshonwa na mtu anayeujua uzito huo mwilini mwake.

Wakati wa ukoloni masista waliwafundisha wasichana kudarizi ili wawe mama wa nyumbani wema, watulivu, vichwa vimeinama. Rozsika Parker, mwanahistoria wa sanaa wa Uingereza, alionyesha mwaka 1984 kwamba sindano iliyotumika kumfunza mwanamke unyenyekevu ndiyo hiyo hiyo aliyoitumia kusema yake. Huku kwetu pwani, wanawake wa Zanzibar wamedarizi kofia kwa ustadi wa ajabu, tundu kwa tundu, lakini sifa huenda kwa kichwa kilichoivaa. Picha ya Rutongo haivaliwi wala haitandikwi mezani. Hutundikwa ukutani, itazamwe, basi. Kwangu hayo ni mapinduzi.

Kwa hiyo huniuma mtu anapoishika na kuuliza bei kama anayenunua foronya. Maonyesho ya "Pax Rwanda" yalizipeleka kazi hizi Marekani, zikatundikwa kama sanaa. Kigali nako nataka zipewe ukuta mzuri, taa nzuri na bei ya mchoro, na jina la aliyeshona liandikwe pale pale ambapo huandikwa jina la mchoraji.