Redio Inayojua Kukataa

Muuza redio anayetaka kumvuta mteja huzungusha kitufe kutoka 87.5 hadi 108 huku akimhesabia stesheni: hii hapa, na hii, na hii nyingine. Mteja huridhika, maana kwetu redio husifiwa kwa kushika. Lakini katika jiji kama Nairobi au Dar es Salaam, ambako masafa ya FM yamejaa pomoni, hata sabufa ya bei ya chini yenye kiwaya kimoja kinachoning'inia mgongoni itashika stesheni chungu nzima. Kwa hiyo kushika hakutenganishi tena redio nzuri na mbaya. Tyuna, yaani kile kisanduku kinachopokea matangazo na kuyapeleka kwenye amplifaya na spika za sebuleni, inafaa ipimwe kwa inavyokataa: inavyoikataa stesheni ya jirani, mawimbi yaliyogonga ghorofa na kurudi, na kelele zinazozaliwa ndani ya nyumba yenyewe.

Kazi ya kukataa huanzia kwenye antena, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kununua kisanduku cha bei kubwa kisha kukitundikia waya uliokunjwakunjwa nyuma ya kabati. Wimbi la FM lina urefu wa takriban mita tatu. Antena ya waya yenye umbo la T, ambayo mikono yake miwili ikinyooshwa hufikia kama mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, ni nusu ya wimbi hilo, na ndiyo maana hulipokea vizuri. Ina tabia moja yenye thamani kuliko hata huo usikivu: husikia vizuri mawimbi yanayoijia ubavuni, ila kwenye ncha zake ni karibu kiziwi. Anayeielewa tabia hiyo haishii kuielekeza kwa mnara anaoutaka. Huigeuza mpaka ncha ielekee kule bughudha inakotoka. Ijaribiwe ikiwa imelala na ikiwa imesimama, kwa sababu minara haitumi mawimbi kwa mkao mmoja. Iwekwe karibu na dirisha, juu kadiri inavyowezekana, mbali na chaja za simu na balbu za LED za bei rahisi, ambazo nyingi hutoa mkwaruzo redioni. Ikipandishwa juu ya paa, ichomolewe radi inapoanza kunguruma.

Antena ikishatulia, sasa sikio lihukumu, na kipimo kizuri ni taarifa ya habari. Muziki huficha makosa. Msomaji habari hayafichi. Kiswahili kimetusaidia hapa, kwani sentensi kama "Serikali imesisitiza usalama wa usafiri" imejaa sauti ya s. Mawimbi yanayofika kwa njia mbili, moja kwa moja kutoka mnarani na mengine yakiwa yamegonga jengo, huichafua sauti hiyo kwanza: s hutemateka, huchanika kama karatasi. Tyuna nzuri hulishikilia wimbi lenye nguvu zaidi na kulimeza lililo dhaifu, hata kama tofauti kati yao ni ndogo, na hilo ni jambo FM inalifanya kwa maumbile yake iwapo fundi hakubania vipuri. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Marantz ya Marekani iliiwekea tyuna yake ya 10B kioo kidogo cha kuonyesha mawimbi hayo yakigongana, ili mwenye nyumba aigeuze antena huku akiangalia. Ilikuwa anasa, lakini anasa yenye akili.

Mtihani wa pili ni wa majirani. Tafuta stesheni dhaifu iliyobanwa kando ya yenye nguvu. Ikiwa sauti ya mkubwa inavuja ndani ya mdogo, vichujio vya tyuna hiyo ni vilegevu. Wanaoishi karibu na uwanja wa ndege wana mtihani wa bure. Redio nyingi za FM hulipunguza kila wimbi hadi megahezi 10.7 kabla ya kulifanyia kazi, na mlango wa mbele wa redio, pale wimbi linapoingilia, ukiwa mbovu, wimbi lililo juu ya lile unalolitaka kwa megahezi 21.4 hupenya pia. Rubani anayezungumza katika 118.1 anaweza basi kuibuka kwenye 96.7 katikati ya salamu za wasikilizaji.

Mtu wa kijijini atasema anasa hizi ni za mjini, yeye anahitaji redio inayoshika. Ana hoja, na kwake usikivu una uzito zaidi. Lakini busta ya kuongeza nguvu, ambayo huuzwa kama dawa yake, hukuza chenga pamoja na sauti. Mti mrefu wa kupandishia antena humfaa zaidi. Akibonyeza na kitufe cha mono, mkoromo hupungua mno, kwa kuwa kile kinachotofautisha kushoto na kulia husafiri kwenye sehemu ya wimbi inayodaka kelele nyingi. Kuna atakayesema pia kwamba stesheni zenyewe hupiga nyimbo zilizobanwa kwenye kompyuta, sasa ubora wa nini? Ni kweli kwa baadhi yao, na tyuna bora itakuonyesha ni zipi. Mtangazaji aliye hai mbele ya maikrofoni habanwi hivyo, na redio ya kwetu bado ni ya watu wanaozungumza.

Tyuna bora za miaka ya 1970, zenye vichujio vikali na chuma kizito, leo hupatikana kwenye mitumba. Uzito pekee usikutie tamaa. Aliyewahi kununua gari kutoka Japani anajua redio yake mara nyingi huishia 90, kwa kuwa huko FM ilikuwa kati ya 76 na 90. Tyuna za sebuleni za soko hilo ni vivyo hivyo. Nyingi za kidijitali za Marekani huruka namba kwa hatua za 0.2, hivyo Capital FM ya Nairobi iliyoko 98.4 huipitia kando, kwenye 98.3 au 98.5. Hata ile ya mshale kutoka Marekani, inayotua popote, hupunguza sauti nyembamba kuliko stesheni zetu zinavyotarajia, na msomaji habari husikika kama amefunikwa shuka. Kisha geuza kisanduku usome mgongoni: iliyoandikwa volti 100 ikichomekwa kwenye 240 bila transfoma, itaungua kabla hujapata nafasi ya kuipima.