Nani Aliwaambia Waweke Mawe?

Mawe yale ya kuzuia mawimbi hayakupaswa kuwekwa. Mliofuatilia Ziwa Michigan mwaka 2020 mliona wenyewe: kuanzia Januari hadi Agosti, kila mwezi ulivunja rekodi yake ya usawa wa maji. Mawimbi yakala tuta la mchanga la mbele, wenye nyumba za ufukweni wakaingiwa na hofu, malori ya mawe yakapanga foleni na vibali vikatoka harakaharaka.

Turudi nyuma kidogo. Januari 2013 ziwa lilishuka hadi mita 175.57, kiwango cha chini kabisa katika kumbukumbu zinazoanzia 1918. Ufukwe ukapanuka, upepo ukabeba mchanga mkavu, nyasi zikaudaka, tuta jipya likainuka. Kazi safi.

Maji yakapanda karibu mita 1.9 ndani ya miaka saba na ushei, tuta lilelile likaanza kumegwa, watu wakalia hasara. Hasara ipi? Mchanga unaomegwa hushukia ufukweni na kwenye mafungu yaliyo chini ya maji, ambako wimbi huvunjikia kabla ya kufika nchi kavu. Ziwa likishuka, upepo huurudisha juu. Tuta la mbele ni ghala: hujazwa maji yakiwa chini, hufunguliwa yakiwa juu. Sasa mtu anapiga kufuli mlangoni siku ambayo chakula kinahitajika! Wimbi likigonga ukuta wa mawe hurudi na nguvu zake na kuchimba mchanga ulio mbele ya mawe. Kwenye ncha za ukuta linamla jirani, naye kesho anaomba kibali chake. Tuta lililobaki nyuma halitoi mchanga wala halipokei. Maji yenyewe yalianza kushuka muda si mrefu, mawe yakabaki.

Mwanaikolojia Jerry Olson alishayaeleza haya mwaka 1958, alipohusisha matuta ya Indiana na kupanda na kushuka kwa ziwa. Kabla yake mwanaikolojia mwenzake Henry Cowles, mwaka 1899, aliusoma umri wa matuta kwa mimea. Hao walitembea mchangani. Wa leo wanatembea na makadirio ya mkandarasi.

Na kule Sleeping Bear, kwenye ziwa hilihili, ambako matuta yamekaa juu ya magenge yaliyoachwa na barafu ya kale, maji ya juu ndiyo hukata genge na kuupa upepo mchanga wa kupandisha. Jengeni ukuta pale muone.

Mtasema nimeanza tena habari za Michigan City, mji wa Indiana ulio kando ya ziwa. Ndiyo, nimeanza. Kuta za bandari yake zinazuia mchanga unaosafiri kando ya ufuko, tuta la Mount Baldy linakosa mgao. Hoosier Slide, kilima cha mchanga cha mita 60 hivi mjini humo, kilichimbwa chote kikauzwa kwa viwanda vya kioo. Leo pamesimama kituo cha umeme.

Ninyi wenye mihuri ya vibali, mwombaji mwingine akija na mawe, mwambieni asogeze nyumba.